Nimeambiwa mimi si mzawa wa Kiswahili. Wanaisimu wa humu, niamulieni

MwanaMkomani (Lamu)

Salaam aleikum wakuu. Nina jambo, na nalileta kwa wenye kujua isimu, si kwa wenye kutaka kutania tu. (Wa Langoni mko, nawajua.)

Kuna kazi ya mtandaoni inazunguka. Unazungumza, sauti inarekodiwa, kompyuta inafundishwa Kiswahili. Sharti lao kubwa ni uwe mzungumzaji mzawa. Nikasema hii yangu. Nimezaliwa Mkomani, mama wa hapa, bibi mzaa mama wa hapa, bibi mzaa baba katoka Siyu. Kiswahili sikufundishwa na mtu, nilikikuta nyumbani.

Mtihani wenyewe: unaoneshwa picha, unaieleza kama unavyozungumza na watu wako. Picha ya mama yuko jikoni. Nikaeleza: mama apika mtuzi, mtele ushaoshwa uko kwenye ungo, mai yatokota, watoto wana ndaa. Jibu likaja kuwa mwombaji si mzawa, lafudhi na msamiati vyaonesha athari ya lugha nyingine.

Lugha nyingine ipi? Mimi sina nyingine, na Kiingereza changu mwakijua. Basi nauliza: Kiamu, hiki chetu cha Lamu, ni Kiswahili au si Kiswahili? Nani ameamua, na kwa kipimo gani?

KariakooKwetu (Dar)

Pole mkuu. Ila tuseme ukweli. Mimi nimezaliwa Ilala, sina lugha nyingine kama wewe, na kwenye mtuzi na mtele ulishaniacha. "Ndaa" nilidhani mdudu. Mimi mzawa mwenzako sikuelewi, sasa aliyesahihisha tumlaumu vipi?

MzeeWaShela

We kijana wa Kariakoo, Kiswahili chenu kilipanda jahazi kutoka huku. Kiamu ndiye mama, hicho chenu mtoto aliyekwenda mjini akabadili jina. Wazee wetu walitunga tendi kwa khati za Kiarabu kabla Dar haijaitwa Dar. Funga uzi.

Maalim_Sabaki (Malindi)

Usifungwe kwanza. MwanaMkomani, umeuliza maswali kadhaa na kuyafunga kamba moja, na ndivyo wengi wafanyavyo. Mwanaisimu anapoambiwa "zipange lugha hizi", huuliza kwanza: nizipange kwa nini? Kwa nasaba? Kwa kuelewana? Kwa hadhi? Kila kipimo kina jibu lake, na majibu hayalazimiki kukubaliana.

Nianze na nasaba, maana ndipo Mzee wa Shela alipotia mguu. Anayetafuta udugu wa lugha hahesabu tu maneno yanayofanana, kwa sababu maneno huazimwa. Anatafuta badiliko ambalo kundi fulani lililifanya pamoja na wengine hawakulifanya. Kubaki na kitu cha zamani hakuthibitishi udugu, yeyote aweza kubaki nacho popote alipo. Kugeuka pamoja ndiko kunakothibitisha.

Muulizeni jirani yetu Mgiriama. Njaa kwake ni nzala. Kukaa ni kukala. Kuzaa ni kuvyala. Hiyo l ni ya kale. Kiunguja, ndicho msingi wa Kiswahili sanifu, kinasema njaa, kaa, zaa: l imeanguka. Kiamu kinasema ndaa, kaa, vyaa: imeanguka vile vile. Kwa hiyo hapa Kiamu kimesimama na Kiunguja, na Kigiriama kiko upande wa pili. Kwa nasaba Kiamu ni Kiswahili, hilo halina mjadala.

Lakini Mzee wangu, usishangilie bado. Katika njaa na ndaa, nj ndiyo ya zamani. Kiamu ndicho kilichogeuza, pamoja na jirani zake wa kaskazini, na ndiyo maana mna ndia kwa njia, mna ndoo mkimwita mtu aje. Ukija kwenye vyaa, Kiamu kimebaki karibu na kuvyala na Kiunguja ndicho kilichokwenda kwenye zaa. Kila mmoja kahifadhi hili akageuza lile. Mama hayumo hapa, wote ni ndugu.

Derek Nurse na Thomas Hinnebusch walilichambua hili kwa kirefu katika kitabu chao cha 1993. Ukoo wote waliuita Sabaki, kwa jina la mto uu huu unaomwaga maji baharini hapa Malindi. Ndani yake wamo Kiswahili, Kimijikenda, Kipokomo, Kiilwana na Kikomoro.

Kadzo_wa_Ganda

Maalim, hapo umenigusa. Chuoni tulipewa orodha ya Guthrie. Kiswahili kiko kanda G, Kigiriama kiko E, E72 kama sijasahau. Ukoo mmoja vipi na herufi mbili?

Maalim_Sabaki (Malindi)

Hujasahau dada. Malcolm Guthrie alipotoa mgawanyo wake mwaka 1948, alizigawa lugha za Kibantu kwa kanda, akichanganya ujirani wa ardhi na sifa za lugha. Herufi na namba zikusaidie kuipata lugha kwenye ramani, ndiyo kazi yake hasa. Watu wakaja kuzisoma kama ukoo, na mpaka leo kuna wanafunzi wanaoapa kwamba Kiswahili na Kigiriama ni wa mbali kwa sababu ya E na G. Wewe wa Ganda na mwenzio wa Malindi mjini, mnakutana sokoni kila siku, mmetiwa kanda mbili.

Humo humo kuna kituko kingine. Kitikuu, ndicho Kibajuni, alikipa namba nzima, G41. Kiamu akakitia G42a, herufi ndogo chini ya Kiswahili.

Mtikuu_Faza

SOMENI TENA HAPO. G41! Wabajuni tuna namba yetu, Waamu herufi ndogo. Mzee wa Shela, uko?

MzeeWaShela

Niko. Namba haipiki wali.

KariakooKwetu (Dar)

Hahaha! Haya Maalim, nasaba nimeelewa. Rudi kwenye swali langu mimi. Kama sielewi anachosema, si ni lugha nyingine? Hicho ndicho kipimo tulichosomeshwa: mkielewana lahaja, msipoelewana lugha.

Maalim_Sabaki (Malindi)

Ndicho kinachojulikana zaidi, na kinapimika. Eugene Casad aliandika mwaka 1974 jinsi ya kukifanya, kutokana na kazi iliyofanyika Mexico. Unamrekodi mtu akisimulia kisa kifupi kwa lugha ya kwao. Unakatakata kisa na kuingiza maswali. Kwanza unawasikilizisha watu wa kwao wenyewe, ili ujue kama maswali yanajibika. Kisha unakipeleka kijiji kingine, wanasikiliza, wanajibu, unahesabu. Bora sana kuliko kumuuliza mtu "je, wale mnawaelewa?", maana hapo atakujibu kwa mapenzi au kwa chuki.

Ila tazama kinachotokea kwetu. Chukua kisa cha Lamu ukicheze Ilala: wanakwama, wewe mwenyewe umesema. Chukua kisa cha Ilala ukicheze Lamu: wanajibu yote. Basi Kiamu ni lugha nyingine ukiwa Dar, na ukiwa Lamu ni lahaja? Mwamu hakuzaliwa na sikio zuri kuliko lako. Ana redio, ana shule, ana Korani iliyofasiriwa, ana ndugu Mombasa. Amejifunza cha kwako bila kukaa darasani kwa ajili hiyo, wewe cha kwake hukupata pa kujifunza. Wataalamu hutenganisha kuelewana kwa asili na kuelewana kwa mazoea, na kipimo cha Casad kinataka cha kwanza. Sasa nitafutieni mtu Lamu nzima asiyewahi kusikia Kiswahili cha redioni.

Na wewe KariakooKwetu, nikikuleta Lamu ukakaa msimu mmoja wa kusi, utarudi unaagiza mtuzi bila kujua umeanza lini. Kichwa utasema kitwa, chini utasema tini. Pale penye ch yako wao wana t ya meno, penye j yako mara nyingi wana y au hawana kitu kabisa: jua yua, jina ina, maji mai. Ukishaushika mtindo hauna shida. Kijapani hukishiki hivyo.

KariakooKwetu (Dar)

Nimekubali nusu. Nauli ya kuja huko mnatoa?

Kadzo_wa_Ganda

Mimi hapo kwenye sikio ndipo ninapotaka kuingia. Nyumbani kwetu nyanya anasema Kigiriama, mama anachanganya, sisi watoto tumelelewa Malindi mjini na Kiswahili ndicho tulichopigia kelele mtaani. Vyote viwili sikumbuki lini nilianza. Nikijaza fomu ya MwanaMkomani mimi nitapita, nina uhakika, kwa sababu Kiswahili changu ni cha shule. Lakini kabila langu Mgiriama, na kuna wazee wa mjini hapa wakinisikia wanasema "huyu anasema vizuri, kajifunza". Nimejifunza wapi?

Mtikuu_Faza

Kadzo umesema kweli. Na kinyume chake kipo. Karani wa sensa akija anauliza kabila. Wengi wanaoandikwa Waswahili ni watu wa pwani hii, wachache mno. Wanaoamka na Kiswahili na kulala nacho ni mamilioni, na wengi wao hawajawahi kuitwa Waswahili. Yaani mwenye jina hana lugha, mwenye lugha hana jina.

Maalim_Sabaki (Malindi)

Kadzo, wewe ni mzawa. Tena wa lugha mbili, na isimu hailioni jambo hilo kuwa la ajabu. Kinachotazamwa ni uliipata lini na vipi: utotoni, kwa kuzungumzwa nayo, kabla ya kufundishwa kanuni. Kabila halimo, wala ardhi ya babu haimo. Anayekwambia "kajifunza" anapima ukoo wako na kudhani anapima ulimi.

Tatizo ni kwamba dhana yenyewe ilikuzwa na nadharia iliyohitaji mtu mmoja safi. Noam Chomsky mwaka 1965 aliandika juu ya msemaji bora aliye katika jamii ya lugha isiyo na tofauti ndani yake. Kwa kuchunguza sarufi ni rahisisho linalosaidia, sina ugomvi nalo. Lakini mtu huyo hayupo Malindi. Hapa mtoto mmoja asubuhi anasema na Mgiriama, mchana na Mbajuni, jioni na Mtaliano wa hotelini.

Kwa hiyo MwanaMkomani, waliokukataa hawakupima uzawa. Walipima umbali wako na Kiswahili sanifu, wakaliandika jibu chini ya jina la uzawa.

Abu_Twahir

Si kuna ule msemo kwamba lugha ni lahaja yenye jeshi na manowari? Mambo yamekwisha.

Maalim_Sabaki (Malindi)

Msemo mtamu, Max Weinreich aliutia maandishini mwaka 1945, na mwenyewe alisema aliusikia kwa mtu aliyehudhuria mihadhara yake. Lakini unachekesha kuliko unavyoeleza. Kiswahili cha Kongo kimepewa msimbo wake wa kimataifa, swc, mbali na swh ya kwetu, na vyote viwili vikawekwa chini ya mwavuli wa swa. Jeshi lake liko wapi? Komoro imepata misimbo minne, mmoja kwa kila kisiwa kikubwa. Kibajuni chenye G41 ya Guthrie hakina msimbo hata mmoja katika orodha hiyo, kimehesabiwa lahaja ndani ya swh. Chimwiini, Kiswahili cha Barawa huko Somalia, hivyo hivyo, na hicho kinachotumia viishio vya -ile ukikisikia kwa mara ya kwanza utahangaika kuliko unavyohangaika na Kiamu.

Kwa Mijikenda mambo ni mengine tena. Kigiriama nyf, Kidigo dig, Kiduruma dug, wakati wenyewe tangu miaka ya 1940 wameshikilia jina moja la Mijikenda kuonesha kuwa ni wamoja. Waliopeana misimbo wengi walikuwa wakifikiria vitabu: nani atahitaji tafsiri yake, nani atasoma ya jirani bila kinyongo. Swali la maana kabisa, ila ni swali la uchapaji.

Hadhi ndiyo inayouma hapa kwetu, na ina historia iliyo wazi. Heinz Kloss alitenganisha lugha iliyo mbali kwa umbo lake na lugha iliyofanywa lugha kwa kuendelezwa: kuandikwa, kuwekewa kamusi, kusomeshwa. Kwa kipimo hicho cha pili Kiamu na Kipate vilikuwa mbele ya wote. Utendi wa Tambuka wa Pate, unaotajwa kuwa wa mwaka 1728, upo. Mtunzi wa Mombasa alipotaka shairi lake liwe na heshima alilipaka rangi za Lamu. Halafu wakaja wamisheni. Krapf alifika Mombasa 1844 akashika Kimvita, Steere akaketi Unguja akatoa kitabu chake cha sarufi 1870. Mwaka 1928 wakakutana Mombasa, wakachagua Kiunguja kiwe msingi wa sanifu, na 1930 ikaundwa Kamati ya kusimamia vitabu. Mombasa wenyewe walilalamika, na mkutano ulikuwa kwao. Lamu sidhani kama ilitajwa kama mshindani.

Sikatai kwamba palihitajika kuchaguliwa kimoja. Watoto wa Tabora na wa Kisumu wangesoma kipi? Ninachokataa ni hicho kilichochaguliwa kwa ajili ya vitabu kugeuzwa kipimo cha nani amezaliwa na lugha.

MzeeWaShela

Maalim, hapa nakuvulia kofia. Shekhe wetu Nabhany, Mungu amrehemu, alikuwa akiokota maneno ya kale ya huku na kuyapa kazi mpya. Runinga ni lake, leo latangazwa mpaka Dar. Neno likiwa letu lachukuliwa, msemaji akiwa wetu arudishwa.

MwanaMkomani (Lamu)

Nina habari. Niliwaandikia kuwauliza lugha nyingine ni ipi. Hawakujibu swali, wakanipa mtihani wa pili, wa kusoma. Sentensi zimeandikwa, wewe unasoma tu. "Maji yanachemka jikoni." Nikasoma kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Nimepita. Nimeandikiwa "mzawa, daraja la juu".

KariakooKwetu (Dar)

😂😂😂 Mkuu umezaliwa upya.

Mtikuu_Faza

Mnacheka, na mcheke, lakini kwa Wabajuni huu si utani. Niwaeleze wasiojua.

Somalia ilipovunjika 1991, Wabajuni wa visiwa vya kule, Chula, Chovai, Koyama, walitawanyika. Wengine walifika Uingereza na Ulaya ya kaskazini kuomba hifadhi. Hawana karatasi, na wengi hawasemi Kisomali, jambo ambalo kwa afisa lilikuwa la kutia shaka peke yake. Basi wakapimwa ulimi. Unarekodiwa, mtu anasikiliza, anaandika: huyu wa Chula, au huyu Mkenya anadanganya. Ukisema muchu kwa mtu na wachu kwa watu, vema. Ukiteleza ukasema kama wa Mombasa, una mashaka. Sasa kijana aliyetoka kisiwani mdogo, akakulia Mombasa au Malindi miongoni mwa Waswahili wengine, atasema vipi? Na sisi wa upande wa Kenya, ambao vijiji vyetu vya bara vilihamwa wakati wa vita vya Shifta miaka ya 1960, tumetapakaa Lamu, Malindi na Mombasa na ndimi zetu zimechanganyika vile vile. Ulimi wasema ulipolelewa. Ulipozaliwa wakati mwingine hausemi.

Maalim_Sabaki (Malindi)

Hilo Mtikuu amelileta vizuri. Mwaka 2004 kundi la wanaisimu kutoka nchi mbalimbali lilitoa mwongozo juu ya upimaji huo, na walilosema ni hilo hilo: lugha yaweza kuonesha ni katika jamii gani mtu alikuzwa, haiwezi kuonesha uraia. Wakaongeza kwamba kazi hiyo ifanywe na mwanaisimu aliyehitimu, kuwa mzungumzaji tu hakutoshi. Huyo Nurse niliyemtaja juu, aliyekuwa akifundisha Newfoundland, Kanada, alikusanya maneno na masimulizi ya Kibajuni kwa muda mrefu, na ni miongoni mwa wachache waliokuwa na cha kulinganishia.

Sharti la mwanaisimu limebishaniwa sana tangu hapo. Kuna wanaosema sikio la mzawa husikia kitu ambacho msomi hakisikii. Mimi nadhani wote wawili wakae meza moja, lakini mzawa awe wa kisiwa chenyewe. Ukimweka Mbajuni kupimwa na mzawa wa Kiswahili kutoka Nairobi, umerudi kwenye mtihani wa MwanaMkomani, na hapa anayekosa si malipo ya kurekodi sauti.

Mkunumbi_Ndani

Nimekuwa nasoma kimya. Nina swali langu. Babu yangu mzaa baba alikuwa Mdahalo. Walikuwa na sauti zile za kupiga kidoko kwa ulimi kwenye meno ndani ya maneno, nilizisikia nikiwa mdogo. Baba alikuwa akimwelewa babu lakini akimjibu kwa Kiswahili. Mimi sina hata neno la kuhesabia. Mimi mzawa wa nini?

Maalim_Sabaki (Malindi)

Wa Kiswahili, ndugu yangu, bila doa. Na lahaja yako ni ya huko huko Mkunumbi, sikia unavyosema utajijua.

Kidahalo ni habari kubwa kuliko yote tuliyozungumza hapa. Wengi hukiweka katika Kikushi, ukoo wa kina Kisomali, kwa hiyo na Kiswahili hakihusiani kabisa. Kidoko ulichokisikia ni cha nadra mno kwa lugha ya Kikushi, na wapo wanaodhani wasemaji wake zamani walikuwa na lugha nyingine kabla ya hiyo, wakabaki na sauti zake. Wasemaji waliobaki ni wachache, wengi wazee. Baba yako wanamwita msikilizaji, yaani anapokea asitoe, na vipimo vingi vya uzawa havina kisanduku chake. Ukimuuliza "unasema Kidahalo?" atajibu hapana, na atakuwa amesema kweli. Ukimchezea kisa cha babu yako, atajibu maswali yote.

Yu hai?

Mkunumbi_Ndani

Yu hai alhamdulillahi. Yuko shamba.

Maalim_Sabaki (Malindi)

Basi mrekodi. Simu yako yatosha. Mpe majina ya ndege na miti ya kule mwituni, aseme kila moja mara mbili, na usimsahihishe akichanganya. Nitafute inbox nikupe orodha ya kuanzia.

MwanaMkomani (Lamu)

Mkunumbi, nina maikrofoni ya ile kazi, wamenitumia jana. Nakuja Jumamosi na boti ya asubuhi nikipata nafasi.